Uchambuzi wa kisa: mvuvi wa dagaa aliyepewa maelezo matano ya ugonjwa mmoja

Kabla hatujaanza

Kisa hiki nawaandikia maafisa ustawi wa jamii wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na yeyote ambaye kwao kuna mgonjwa wa akili alafu kila ndugu ana jibu lake. Majina nimeondoa yote, mwalo (ufukwe wanaposhushia samaki) siutaji, hospitali siitaji, umri na vitu kadhaa vya kumtambulisha mtu nimevichezea. Mwenyewe na mama yake nimewasomea na wameridhia kitumike kufundishia. Tutamuita Baharia maana ndo wanavyoitana wenyewe kule ziwani.

Hakikuisha vizuri sana, niseme mapema. Nimekichagua kwa sababu ndani ya mwezi mmoja huyu kijana aliambiwa ana bangi kichwani, ana malaria iliyopanda kichwani, ana majini, karogwa, na mwisho ana ugonjwa wa akili, na kila maelezo yalikuwa yanambebesha mtu fulani mzigo. Ikiwa bangi, wa kulaumiwa ni yeye. Ikiwa karogwa, kuna mtu mtaani anaweza kupigwa au kuuawa. Ikiwa majini, ni gharama za maombi alafu yakitoka yametoka. Ikiwa ugonjwa wa akili, hapo ndo familia ilikuwa inaogopa kuliko kote. Sisi wa ofisini tunabishana vigezo, wao wanapiga hesabu ya nini kitafuata.

Mazingira

Baharia ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto, amekulia mwaloni hapa Mwanza na hajawahi kufanya kazi nyingine zaidi ya dagaa. Kwa asiyejua, dagaa wa Ziwa Victoria anavuliwa usiku wa giza, taa zinaelea juu ya maji, zamani karabai saivi nyingi ni za sola, dagaa wanafuata mwanga alafu nyavu inafanya kazi yake. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, kwahiyo siku hizo wanapumzika, wanashona nyavu, wanaenda kuona familia. Maana yake mvuvi wa dagaa anaishi na kalenda mbili. Giza anakesha usiku kwa usiku na kulala mchana kwenye kibanda cha mabati, jua linachoma, redio ya jirani inaimba, watoto wanalia. Mbalamwezi analala kama watu wengine. Hii kalenda ndo ilikuja kuamua kila kitu baadae.

Bangi alikuwa anavuta, hakuna aliyeficha, na wenzake kwenye mtumbwi nao walikuwa wanavuta, ndo inawashikisha macho mpaka alfajiri. Upande wa mama kulikuwa na mjomba ambaye alizunguka mjini miaka mingi anaokota chupa, watoto wanamfuata wanamwimbia, mpaka akafa kando ya barabara. Kwa familia hii ugonjwa wa akili maana yake ni mjomba. Ukitaja neno hilo mbele ya mama yake Baharia humuelezi ugonjwa, unamtabiria mwisho wa mwanae.

Na kuna kitu mama alishakiona muda mrefu kabla yetu. Alisema mwanae alishapata vipindi viwili vidogo miaka ya nyuma, na vyote vilimpanda kwenye giza, mwezi ukirudi anatulia.

Mambo yalivyokwenda

Alianza kwa kuchangamka, na watu walimpenda. Akirudi asubuhi badala ya kulala anapitia kwa mama ntilie anawalipia watu chai na chapati, wengine hata hawajui, alafu anapanda daladala mpaka Kirumba kuulizia bei ya injini ya boti. Mchana anampigia tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, anamwambia mwakani watakuwa na mitumbwi kumi na watavua mpaka Ukerewe yote. Mkewe aliniambia "mi nilijua kapata mwanamke." Alikuwa anaoga mara nyingi, ananunua mashati, anaongea peke yake kwa raha.

Wiki ya pili ya giza ikaharibika. Wakiwa ndani ziwani akaanza kuzima taa, anasema zinawaonyesha maadui walipo, akatupa mbili majini, nahodha alipomshika akataka kushuka kwenye mtumbwi atembee kurudi. Wenzake watano wakamkamata wakamfunga kamba ya nanga mikono na miguu, wakarudi kabla ya alfajiri bila dagaa hata ndoo moja. Nisisitize hapa maana baadhi ya watu wakisikia "walimfunga kamba" wanaruka kwenye haki za binadamu moja kwa moja: mtumbwi mwembamba, giza, maji ya kina, mtu mwenye nguvu anataka kushuka. Wale vijana walimuokoa. Kilichokuwa kibaya ni kwamba walipofika nchi kavu waliendelea kumuacha kafungwa mpaka saa tano asubuhi watu wakija kuangalia, na picha zikapigwa, na zikatembea kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka upande wa Sengerema.

Baada ya hapo maelezo yakaja mfululizo. Tajiri, ambaye kapoteza taa na mafuta, akasema bangi, na kwa kuwa bangi ni kosa Baharia akalala mahabusu. Duka la dawa wakasema malaria imepanda kichwani, wakauza dawa mseto bila kupima. Mama akampeleka kwenye maombi, huko wakasema majini ya ziwani, wakakesha nae usiku kucha (kumbuka huyu ni mtu ambaye tayari hajalala, alafu anakeshewa). Mjomba mwingine akaona maombi yanachelewa akamsafirisha kwa mganga wilaya ya jirani. Mganga akapiga ramli, akasema anaesumbua ni mwanamke mzee anaefanya kazi na moto karibu na nyumba yao.

Sasa karibu na nyumba yao kuna bibi mmoja anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya kuni na moshi wa mafuta ya samaki ya miaka na miaka. Huku Usukumani macho mekundu kwa bibi kizee huchukuliwa ni alama ya uchawi, na kila mtu anajua yameshaua wangapi. Jioni hiyo vijana wa ukoo walikuwa wameshaanza kukaa vikundi vikundi.

Mi niliitwa kwa ajili ya bibi. Mtendaji wa mtaa alinipigia kwamba kuna bibi anataka kuuawa, nilipofika ndo nikakuta kumbe nyuma yake kuna mgonjwa.

Maamuzi na sababu zake

*Bibi kwanza.* Bibi alihamishiwa kwa binti yake kata nyingine usiku uleule, polisi kata na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo. Familia ya Baharia tukaikalisha chini. Sikubishana nao kama uchawi upo au haupo, huo mjadala ukiuanzisha saa tatu usiku mbele ya vijana wenye hasira umeshapoteza. Niliwaambia kitu kimoja cha sheria: Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu ukoloni na bado inatumika, inamfanya hata anaemtaja mtu kuwa ni mchawi awe na kosa. Na ramli chonganishi, yaani za kutaja nani karoga, serikali ilizipiga marufuku 2015 baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mjomba aliyempeleka kwa mganga alikuwa mtu mzima na ana duka lake, hakutaka kesi. Akawatuliza vijana yeye mwenyewe.

*Hospitali bila kuvunja maombi.* Asubuhi nikaenda kwa mama. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mama, akaitikia, akaniketisha, akasema kitu ambacho naona kina uchambuzi ndani yake kuliko semina nyingi nilizokaa: "Mwanangu, huko hospitali wataandika kichaa, na kikishaandikwa hakifutiki. Jini linatoka."

Huwezi kumjibu huyu mama kwa kumwambia ana imani potofu. Yeye hachagui kati ya sayansi na ushirikina, anachagua maelezo ambayo mwanae anaweza kurudi nayo nyumbani. Nikamwambia maombi aendelee ila mchana, usiku mtoto alale, na tuende hospitali wakapime vitu vinavyopimika. Akakubali kwa sharti mchungaji aje nasi. Mchungaji akaja. Sio jambo jipya hili, Profesa Thomas Adeoye Lambo kule Abeokuta, Nigeria, tangu miaka ya 1950 alikuwa anawalaza wagonjwa vijijini wakiwa na ndugu zao na akiwashirikisha waganga wa jadi, na watu walipona na kurudi makwao.

Kwa wanaouliza kuhusu kulazimisha: Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mtu kupelekwa hospitali bila ridhaa yake kwa masharti, ila hapa haikuhitajika. Mchungaji alimwambia twende, akaenda, njia nzima anamhubiria dereva.

*Hospitalini.* Walipima malaria, hamna. VVU hamna, sukari sawa, kichwa hakijagongwa. Hivi vipimo visidharauliwe, kuna watu wengi wameitwa vichaa kumbe ni homa au sukari imeshuka. Baada ya hapo yakaja maswali ya fomu, na hapa nataka mwone kwa karibu jinsi kigezo kizuri kinavyoweza kuharibika kikimfikia mtu asiyemhusu.

Mhudumu anasoma: unapata usingizi usiku? Baharia: hapana. Tangu lini? Baharia akahesabu kwa vidole akasema tangu nilipoacha shule. Mhudumu akaandika hana usingizi miaka mingi. Mkewe akacheka mpaka akaziba mdomo na kanga.

Daktari aliyekuja baadae hakuuliza usiku. Aliuliza "mkiwa kwenye giza, akitoka ziwani asubuhi, siku za kawaida huwa analala saa ngapi?" Mke akasema saa tatu mpaka saa nane mchana, ukimuamsha anagomba. Na safari hii? "Safari hii halali kabisa, na hachoki." Hapo daktari akaweka kalamu chini. Mtu aliyenyimwa usingizi anachoka, anasinzia, anakuwa mkali. Mtu ambaye halali na bado ana nguvu za kuuza na kubaki, siku baada ya siku, ana mipango ya mitumbwi kumi, anagawa hela, hiyo ni mania. Mama akaongezea habari yake ya giza na mbalamwezi. Mchungaji alikuwa ameichukulia kama dalili kwamba majini yanapenda giza. Daktari akaiandika neno kwa neno, maana kwa mtu mwenye asili ya baipola (ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwenye mania na vipindi vingine kumshusha kwenye huzuni nzito) kukosa usingizi usiku nyingi mfululizo ni moja ya vitu vinavyojulikana kabisa kuamsha mania, na mwezi ndo unaamua lini huyu bwana halali.

Mama aliona sawasawa miaka yote hiyo. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza.

Matibabu, na yale macho

Alilazwa, akachomwa haloperidoli ya kumtuliza, akaanza na valproeti ya kuzuia mania. Lithiamu, dawa nyingine ya baipola, daktari aliiacha kwa sababu inahitaji kupimwa damu mara kwa mara na mtu anaetoka jasho juani siku nzima inaweza kumpanda mwilini ikawa sumu. Akatulia, akaruhusiwa na vidonge, kwenye pakiti imeandikwa kimoja usiku.

Siku ya pili nyumbani shingo ikapinda, ulimi ukawa mzito, na macho yakageuka juu yakabaki weupe tu. Nyumba nzima ikapiga yowe. Kama ulikuwa unatafuta ushahidi wa jini, ndo huo, uko mbele yako unatoa udenda. Hii ni athari inayofahamika ya haloperidoli, inatokea siku za mwanzo, inawapata zaidi vijana wa kiume, na ipo dawa ya bei rahisi inayoifungua ndani ya muda mfupi. Hakuna aliyekuwa amewaambia familia. Mke alinipigia simu, wakarudi hospitali, shingo ikaachia, lakini majirani walishaona. Mpaka leo kuna watu pale mtaani wakisimulia ugonjwa wa Baharia hawasimulii taa zilizotupwa ziwani, wanasimulia yale macho, yaani wanasimulia dawa.

Na lile andiko la "kimoja usiku". Alipoanza kujisikia vizuri akaenda ziwani kimyakimya na mtumbwi mwingine, na kwa kuwa ni mtiifu akameza kidonge saa mbili usiku kama alivyoandikiwa, akiwa juu ya maji. Akasinzia kwenye ukingo. Mungu saidia aliyekaa nyuma yake alikuwa macho.

Semina ya mwaloni

Mradi mmoja ulikuja kutoa elimu mwaloni. Fulana, spika, soda. Ujumbe ulikuwa kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama kisukari, ni kemikali za ubongo, mgonjwa anakunywa dawa anaishi kawaida. Nahodha akanyoosha mkono. "Kwahiyo haponi." Mtoa mada akasema anadhibitiwa. Nahodha akakaa. Kesho yake tajiri akatangaza Baharia hapandi tena mtumbwi wake, kabla ya semina alikuwa bado anafikiria.

Hili sio la Mwanza peke yake. Tafiti za nchi za Ulaya na Marekani zimeonyesha kwamba ukiwaeleza watu ugonjwa wa akili ni tatizo la ubongo, wanapunguza kumlaumu mgonjwa, ila hawapungui kutaka kukaa nae mbali, na wengine wanazidi kumuona ni wa hatari na asiyetegemewa kubadilika. Ndo yaleyale ya mama, jini linatoka. Ubongo hautoki.

Sisemi tuwaambie watu ni majini. Maelezo ya jini yalimkesha mgonjwa, na ya kurogwa yalitaka kumuua bibi. Nasema tukimpa mtu maelezo mapya tumwambie pia mlango wa kurudia uko wapi.

Mpango wa kurudi kazini

Kikao kilifanyika palepale kwenye mchanga, mitumbwi imepinduliwa, akiwepo Baharia, mkewe, nahodha, wawili wa mtumbwini na katibu wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo. Sharti langu lilikuwa moja, neno "amepona" lisitumike. Hakuna daktari anaeweza kuandika cheti kwamba mtu fulani hatougua tena, na kadiri wenzake walivyokuwa wanadai cheti hicho ndivyo Baharia alivyokuwa anazidi kuonekana mtu wa kukosa kitu. Badala yake nikawauliza: safari ile kabla ya usiku wa taa, nyie mliona nini na mliona lini?

Wakaanza kuongea wote. Kumbe waliona siku sita kabla. Aliacha kulala asubuhi. Aliacha kumpa mtu nafasi ya kujibu. Akaanza kugawa hela. Zikawa ndo dalili za makubaliano: nahodha akiona yoyote kati ya hizo, Baharia anabaki nchi kavu usiku huo, hakuna kubishana, na mke anapigiwa simu ampeleke kliniki. Kidonge kikahamishiwa asubuhi akitoka ziwani, kwa ruhusa ya daktari, na kibanda kikawekewa dari ya maboksi na pazia nzito ili mchana alale. Bangi akakubali kuacha, na hapo wenzake walicheka maana ingebidi na wao waache kumvutia puani.

Daktari alitaka aache dagaa kabisa, na kitabibu alikuwa sahihi. Baharia akasema mi nikishona nyavu nalisha watoto nusu. Wakakubaliana miezi ya mwanzo abaki nchi kavu, alafu aanze kutoka lakini kila baada ya usiku kadhaa wa kukesha anaruka mmoja. Alikaa pwani akianika dagaa kwenye chanja pamoja na kina mama, na matani aliyokula pale kwa kufanya kazi ya wanawake yalimuuma kuliko kuitwa chizi, aliniambia mwenyewe.

Matokeo

Alirudi ziwani. Mara moja nahodha alimuacha nchi kavu, mke akampeleka kliniki, dozi ikabadilishwa, akarudi kazini bila kulazwa. Dawa wakati mwingine zinakosekana, mke ananunua famasi kwa hela ya mfukoni.

Bibi alirudi kwake baada ya muda. Wateja wa mapanki walipungua na hawajarudi wote. Hakuna aliyemuomba msamaha, na kwenye vikao vyote vilivyofuata ajenda ilikuwa Baharia, unyanyapaa dhidi ya Baharia, kazi ya Baharia. Yeye ambaye hakuumwa chochote ndo kabakiwa na doa lisilo na kliniki.

Uchambuzi: hivi vigezo ni vya nani?

Kuna wanaosema haya mambo ya baipola ni ya kizungu, tusipachike. Wasiwasi huo una msingi, tusiudharau. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anaetoroka ana ugonjwa wa akili na akaupa jina kabisa. Hapa jirani, J.C. Carothers aliyesimamia hospitali ya Mathari Nairobi wakati wa ukoloni aliufananisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, alafu miaka ya 1950 akaajiriwa kueleza Mau Mau, uasi wa Wakenya dhidi ya wakoloni, kama tatizo la kisaikolojia, sio la ardhi. Kwahiyo mtu akisema anaetunga vigezo ana maslahi yake, historia iko upande wake. Na kipimo cha damu cha baipola hakipo, ni mazungumzo na mwenendo tu.

Ila angalia kigezo kilivyofanya kazi kwenye kisa hiki. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (ICD), toleo la 11 linalotumika tangu Januari 2022, unataka hali ya mania idumu kama wiki hivi isipokuwa ikikatishwa na matibabu, na iwe ni mabadiliko ukilinganisha na mtu mwenyewe alivyo. Ukimlinganisha Baharia na mwalimu wa shule ya msingi, ni mgonjwa kila giza tangu aache shule. Ukimlinganisha na Baharia, ugonjwa una tarehe ya kuanza, na walioijua hiyo tarehe ni mke, mama na nahodha. Wale wavuvi wengi wao wanaamini ziwa lina majini, wanaomba kabla ya kutoka, wengine wana hirizi kiunoni, na hawakuwahi kuitana wagonjwa kwa hilo. Walimuona Baharia amebadilika kabla hajataja adui yeyote. Mpaka kati ya imani na ugonjwa waliuchora wao, daktari aliukuta.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni lile swali la "mliona nini na mliona lini". Liliwapa wenzake kitu cha kufanya na hofu yao. Hofu ya kuzama haikuwa unyanyapaa, ilikuwa hofu ya kuzama, na ukimwambia mtu aache kuogopa mtumbwi usipinduke hatokusikiliza.

Lakini mpango huohuo umezaa kitu ambacho kwenye kikao hakikuwepo. Msimu uliopita Baharia alilalamikia mgao, kwamba mafuta yamekatwa mara mbili kwenye hesabu. Akapaza sauti kama mvuvi yeyote anavyopaza. Nahodha akamuuliza mbele ya watu, "leo dawa umemeza?" Watu wakacheka, hesabu ikafungwa, na akabakishwa nchi kavu usiku ule kwa kigezo cha kutompa mtu nafasi ya kujibu. Katibu wa BMU alipokagua daftari akakuta mafuta kweli yamekatwa mara mbili.

Sasa tumeongeza sharti kwamba ugomvi wa hela unapelekwa BMU siku hiyohiyo na hauhesabiki kama dalili, na kwamba kumzuia Baharia kutoka kunahitaji mtu wa pili nje ya mtumbwi kukubaliana na nahodha, ikiwezekana mkewe. Nahodha kakubali. Tajiri anasema atafikiria, na giza linaanza wiki ijayo.